UZI: Muhogo mzima shambani karibu hauna sianidi huru. Inatoka wapi, na kwa nini moto wa mapema unaharibu kila kitu? (muhogo, mtama, chai, vanila, pareto)

#1 Mtunza_Seli

Wadau, salaam.

Kwenye nyuzi za chakula humu kauli ni ile ile kila mara: "muhogo mchungu una sianidi, uchemshe sana." Nusu ya kwanza haijakaa sawa, na nusu ya pili inaweza kudhuru mtu. Nimeona tuwe na uzi mmoja unaoeleza jambo hili kuanzia ndani ya seli, kwa sababu ukishajua kemikali imewekwa wapi na kimeng'enya chake kimewekwa wapi, hatua za kusindika zinajieleza zenyewe.

Mzizi wa muhogo usio na jeraha una linamarini. Hii ni sianidi iliyofungwa pamoja na glukosi, na ikiwa hivyo imetulia kabisa. Kuna na ndugu yake, lotaustralini, lakini linamarini ndiyo zaidi ya asilimia 90 ya mzigo wote. Kimeng'enya cha kuifungua, linamarezi, kimo kwenye mzizi huo huo. Tofauti ni kwamba vimewekwa sehemu mbili za seli zisizoonana.

Inavyotengenezwa: kazi inaanzia kwenye utando wa retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa tando ndani ya seli), na malighafi ni asidi amino iitwayo valini. Vimeng'enya vya kundi la P450 vimepandikizwa kwenye utando huo. CYP79D1 na pacha wake CYP79D2 hugeuza valini kuwa oksimu, kisha CYP71E7 huifikisha kwenye asetoni sianohidrini. Hapa ndipo penye hatari, maana sianohidrini haitulii. Saitoplazimu (ute unaojaza seli) ina pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 7.2 hivi, na kwa pH hiyo sianohidrini huvunjika yenyewe na kuachia sianidi, bila kuhitaji kimeng'enya chochote. Ndiyo maana kimeng'enya cha tatu, cha kubandika glukosi, kinasubiri pale pale pembeni ya utando. Mtama una kemikali ya ukoo huu, dhurini, na mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba vimeng'enya vyake hukusanyika kuwa kundi moja juu ya utando, kundi linaloitwa metaboloni. Zao la kati linapokezwa kutoka kimoja kwenda kingine bila kupata nafasi ya kusambaa.

Inavyohifadhiwa: ikishabandikwa glukosi, linamarini hupelekwa kwenye vakuoli, yaani mfuko mkubwa wa maji ndani ya seli. Kwenye seli iliyokomaa vakuoli huweza kuchukua asilimia 80 hadi 90 ya ujazo, na maji yake ni ya asidi kidogo, pH karibu 5.5. Linamarezi yenyewe iko nje, kwenye ukuta wa seli na kwenye mirija ya utomvu mweupe. Katikati yao kuna utando wa vakuoli, saitoplazimu na utando wa seli.

Funza akitafuna, panya akiguguna, au mama akitwanga, tando hizo zinapasuka. Linamarini inakutana na linamarezi, glukosi inang'oka, sianohidrini inabaki, kisha sianidi inatoka. Gramu 1 ya linamarini hutoa takribani miligramu 109 za haidrojeni sianidi.

Sasa mambo matatu ya kushika:

Linamarini haivunjwi na moto wa jikoni. Linamarezi inakufa kwa moto. Na haidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, kwa hiyo ikishatoka huruka hewani kwa urahisi.

Yaweke pamoja uone: ukiwahi moto kabla ya kuvunja seli, umeua kimeng'enya na umeacha sumu ikiwa bado imefungwa, tayari kwenda tumboni. Kule tumboni, bakteria wa utumbo wana vimeng'enya vyao vya kuifungua.

#2 Kijana_wa_Newala

Mkuu, kwa hiyo kuchemsha hakusaidii kabisa? Maana mihogo ya kuchemsha inaliwa nchi nzima kila asubuhi.

#3 Mtunza_Seli

Inategemea aina, mkuu. Kwa viwango vya kimataifa vya Codex, muhogo mtamu ni ule wenye chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kilo ya mzizi mbichi. Huo ukiumenya (ganda lina kiasi kikubwa kuliko nyama), ukaukata na kuuchemsha kwa maji mengi, unaliwa bila shida. Kinachopunguza hapo zaidi ni linamarini kuyeyukia kwenye maji, kwa hiyo maji yamwagwe, yasigeuzwe mchuzi. Vipande vidogo hutoa zaidi kuliko vikubwa. Na kuanzia maji baridi ni bora kuliko kutumbukiza kwenye maji yanayotokota, kwa sababu linamarezi inapata dakika kadhaa za uvuguvugu kabla ya kufa.

Muhogo mchungu unaweza kuvuka miligramu mia kadhaa kwa kilo. Huo hauchemshwi ukaliwa. Dozi ya kuua mtu mzima inatajwa kuwa kati ya miligramu 0.5 na 3.5 kwa kila kilo ya uzito wake. Piga hesabu mwenyewe ya nusu kilo ya mzizi wenye 300.

Tena ukame huongeza. Shamba lile lile, mbegu ile ile, mwaka wa mvua chache mzizi unakuwa mchungu kuliko mwaka jana. Usitegemee jina la mbegu peke yake.

#4 Sindika_Mihogo

Naongezea upande wa usindikaji, maana hapa ndipo watu wanapokosea.

Kuloweka ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote kwa kaya. Mizizi iliyomenywa hulowekwa siku 3 hadi 5 mpaka ilainike kwa kidole. Bakteria hulainisha kuta za seli, tando zinaachia, linamarini yote inakutana na linamarezi, na sehemu nyingine inaondoka na maji. Kosa la kawaida ni kuutoa siku ya pili kwa kuwa "umeshaanza kunuka." Harufu si kipimo. Kipimo ni ulaini hadi katikati ya mzizi: kiini kikiwa bado kigumu, seli za pale hazijapasuka na linamarini yake iko vile vile.

Kukwaruza au kusaga mbichi, kisha kukamua, ni njia ya haraka kwa sababu inavunja seli nyingi kwa mara moja. Ila baada ya kusaga liache rojo likae kwanza saa kadhaa, usikimbilie kikaangio. Likichacha sana kuna jambo la kuangalia: pH ikishuka kuelekea 4, sianohidrini inatulia, haivunjiki yenyewe. Kwa hiyo rojo chachu linaweza kuwa halina tena linamarini lakini likawa na sianohidrini. Hiyo huondoka kwenye kukausha na kukaanga, kwa sababu joto linaivunja hata kwenye uchachu. Mtu anayekula rojo chachu lisilokaushwa vizuri hajamaliza kazi.

Udaga wa Kanda ya Ziwa, ule wa kuvundika mizizi iliyomenywa kwenye lundo siku kadhaa mpaka iote ukungu, kisha kukwangua, kuponda na kuanika, ni bora kuliko makopa ya kuanika tu. Lakini haufikii kuloweka.

Makopa ndiyo yenye utata. Wengi wanaamini jua kali na kukauka haraka ndiyo usalama. Ni kinyume. Linamarezi inahitaji unyevu kufanya kazi. Kipande kizima kikikauka haraka, seli zake hazijapondwa, na kabla kimeng'enya hakijamaliza, maji yamekwisha. Ukitwanga kopa hilo kavu unapata unga mweupe, mzuri, wenye linamarini na linamarezi kando kwa kando, vyote vikiwa hai lakini vikikosa maji ya kukutania.

#5 Afya_Vijijini

Hoja ya mwisho ya Sindika_Mihogo ndiyo msingi wa njia ya kulowanisha unga, ambayo ilibuniwa na Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Inastahili kujulikana kila nyumba inayokula unga wa makopa, kwa sababu haihitaji kifaa chochote:

Weka unga kwenye bakuli, usawazishe juu, weka alama ndani ya bakuli pale unga ulipofikia. Tia maji kidogo kidogo huku ukichanganya. Mwanzoni unga utashuka chini ya alama. Endelea mpaka unga uliolowa urudi kwenye alama ile ile. Utandaze kwenye mkeka au sinia, unene usizidi sentimita 1. Acha saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sianidi iliyobaki huwa theluthi moja hadi sehemu moja kwa sita ya ile ya mwanzo. Pika ugali siku hiyo hiyo, kwa sababu unga uliolowa unachacha na kuota ukungu.

Ukiutandaza unene wa vidole vinne, gesi haitoki chini. Ukitia maji yanayochemka badala ya baridi, umeua linamarezi na kazi yote ni bure. Makosa hayo mawili ndiyo yanayofanya mtu aseme njia haifanyi kazi.

Mwaka 2010 njia hii ilianza kutumiwa Kay Kalenda, kijiji cha eneo la Popokabaka nchini Kongo (DRC), kwa ajili ya kuzuia konzo. Konzo ni kupooza miguu yote miwili kwa ghafla, na hakurudi nyuma. Iliandikwa kwanza na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938 huko huko Kongo. Mwaka 1981 mkoa wa Nampula, Msumbiji, ulipata wagonjwa zaidi ya 1,000. Tarime kwetu ilipigwa mwaka 1985. Mfululizo wa mambo unafanana: ukame unaongeza uchungu wa mihogo, njaa inafanya watu wafupishe siku za kusindika, na mlo unakosa protini. Hilo la protini si dogo. Mwili hugeuza sianidi kuwa thiosaianeti isiyo na ukali sana, lakini unahitaji salfa kutoka kwa asidi amino za methionini na sisteini. Maharage, dagaa, mayai. Anayekula ugali wa muhogo mtupu wiki nzima hana salfa hiyo, na wanaoumia zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

#6 Mama_Kisamvu

Naomba na sisi wa majani tusisahaulike. Kisamvu (sombe kwa ndugu zetu wa Kongo) kina sianidi kuliko mzizi, na majani machanga ndiyo yenye zaidi. Mbona hakileti madhara yale?

#7 Mtunza_Seli

Kwa sababu majani yana linamarezi nyingi sana, na mapishi yetu yanaanza na kinu. Kutwanga ndiko kunakofungua vyumba vyote. Zaidi ya hapo, majani yana kimeng'enya cha pili cha kuvunja sianohidrini, ambacho mizizini ni haba mno.

Utaratibu sahihi, dada: twanga vizuri, dakika 10 au zaidi, mpaka kiwe laini kabisa bila vipande vya jani. Kiache kitulie, au kioshe kwa maji ya kawaida na ukamue. Kisha ndipo uchemshe, sufuria ikiwa wazi mwanzoni ili mvuke utoke. Kosa ni kuchemsha majani mazima kwanza ili "yalainike" halafu kuyatwanga. Kijani kinabaki kizuri, lakini linamarezi imekufa na linamarini imo. Wanaotumia magadi wayatie mwishoni, baada ya kutwanga na kukaa.

Kwa wanaopenda sayansi yake: majani ndiyo kiwanda kikuu, na mizizi hupokea sehemu kubwa kutoka huko. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walizima jeni za CYP79D kwenye majani. Linamarini ya majani ilishuka kwa asilimia 60 hadi 94, ya mizizi ikashuka kwa asilimia 99. Lakini mimea hiyo ilishindwa kukua bila kuongezewa amonia. Yaelekea muhogo hutumia linamarini kusafirishia nitrojeni, kwa hiyo si silaha tu. Wanaodai "tuondoe tu sumu kwenye mbegu" walitazame hilo.

#8 Mfugaji_Dodoma

Kwa mtama hali ikoje? Ng'ombe hufa malishoni ndani ya muda mfupi sana.

#9 Daktari_wa_Mifugo

Mtama umekwenda mbali kuliko muhogo katika kutenganisha. Dhurini imo kwenye vakuoli za seli za ngozi ya jani. Kimeng'enya chake kiko kwenye kloroplasti (vifuko vya kijani) za seli za ndani ya jani. Seli tofauti kabisa, si vyumba tofauti vya seli moja. Meno ya ng'ombe yanasaga zote mara moja, na kwenye tumbo la kwanza kuna joto, maji, na pH ya karibu 6 hadi 7. Hakuna mazingira bora kuliko hayo kwa sianidi kutoka, ndiyo maana mnyama anaanguka ndani ya dakika chache, anahema kwa nguvu, damu ikiwa nyekundu angavu.

Usilishe mtama ulio chini ya sentimita 45 hadi 60. Hatari kubwa ni machipukizi yanayoota baada ya kuvunwa, na yale yanayoota mvua ikirudi baada ya ukame. Mbolea nyingi ya nitrojeni huongeza. Usiwaachie ng'ombe wenye njaa waingie shambani. Walishe nyasi kavu kwanza. Silaji (malisho yaliyovundikwa) iliyokaa wiki 3 au zaidi na kufunguliwa hewani kabla ya kulishwa ni salama zaidi. Mnyama akishaanguka, dawa ni thiosalfeti ya sodiamu kwenye mshipa, na hiyo ni kazi ya mganga wa mifugo, haingojei kesho.

Na watu pia: punje kavu ya mtama karibu haina dhurini, lakini ikichipua huitengeneza kwa wingi kwenye chipukizi na vijizizi. Anayetengeneza kimea cha mtama akishakikausha lazima akisugue na kupepeta, machipukizi yote yatoke, kabla ya kusaga.

#10 Kiwanda_Mufindi

Nimefurahi uzi huu, kwa sababu chai nyeusi ni jambo hili hili kwa upande wa faida.

Katechini za chai ziko kwenye vakuoli, na kwenye majani mawili na chipukizi zinaweza kufika robo ya uzito mkavu. Kimeng'enya cha kuziunguza kwa oksijeni, polifenoli oksidezi, kimo kwenye kloroplasti. Jani likiwa zima ni la kijani. Likipondwa, vinakutana, hewa inaingia, rangi inageuka shaba.

Kunyausha kwanza: saa 12 hadi 18, unyevu ushuke kutoka asilimia 75 na zaidi hadi karibu 70 kwa chai ya CTC (ya kuponda, kuchana na kukunja). Kunyausha si kupunguza maji tu. Tando za seli zinaanza kulegea na kuachia. Jani lisilonyauka vizuri linatoa maji kwenye rola, linateleza, halikatiki, na kimeng'enya hakisambai sawasawa. Lililonyauka mno linavunjika kuwa vumbi na halina unyevu wa kutosha kwa kazi ya kimeng'enya.

Rola za CTC, ambazo zilianza Assam miaka ya 1930, zinaponda, kuchana na kukunja. Kazi yake yote ni kuvunja vyumba vya seli nyingi kadiri inavyowezekana. Ndiyo maana CTC inatosheka na dakika 45 hadi 90 za kuchachusha kwa nyuzi 20 hadi 25. Katika muda huo theaflavini, zinazotoa mng'ao na ukali mdomoni, hupanda hadi kilele kisha huanza kushuka zikigeuka thearubijini, zenye rangi nzito na ladha butu. Ukipitisha muda, kikombe kinakuwa cheusi lakini kimekufa. Joto la chumba likipanda, kilele kinawahi, kwa hiyo saa ya ukutani haitoshi bila kipimajoto. Halafu tanuri linaua kimeng'enya na kushusha unyevu hadi asilimia 3 hivi.

Kosa linaloanzia shambani: kushindilia majani kwenye kapu au gunia. Yanachubuka na kupata joto, na yanafika kiwandani yakiwa na mabaka mekundu. Uchachushaji ulishaanza njiani bila mpangilio, na hakuna fundi wa kiwandani anayeweza kuurudisha nyuma.

#11 Kijana_wa_Newala

Na chai ya kijani?

#12 Kiwanda_Mufindi

Moto kwanza. Mvuke kwa sekunde 30 hadi 60, au kikaangio, polifenoli oksidezi inakufa ikiwa bado ndani ya kloroplasti, kisha ndipo jani linakunjwa. Katechini zinabaki katechini. Kile kile kilichokatazwa kwenye muhogo ndicho kinachotakiwa hapa. Na chai ya zambarau ya Kenya, TRFK 306 iliyotolewa mwaka 2011, ina anthosianini zaidi kwenye vakuoli. Tia limau kwenye kikombe chake, rangi inahamia waridi kwa sababu anthosianini hufuata pH.

#13 Vanila_Kagera

Vanila inasimama katikati ya muhogo na chai, na ndiyo inayotaka umakini kuliko zote.

Ganda bichi la vanila halinukii. Vanilini imefungwa na glukosi kama linamarini ilivyofungwa, inaitwa glukovanilini, na imejaa sehemu ya ndani ya ganda karibu na mbegu. Watafiti wa Ufaransa walieleza mwaka 2014 kwamba sehemu kubwa huhifadhiwa ndani ya kloroplasti zilizobadilika umbo, wakaziita fenoloplasti. Kimeng'enya cha kuifungua, glukosidezi, kiko nje ya hapo.

"Kuua" vanila ni kuvunja tando bila kuua kimeng'enya. Maji ya nyuzi 63 hadi 65, dakika 2 hadi 3, basi. Maganda membamba dakika 2, manene 3, kwa hiyo yapangwe kwa ukubwa kabla ya kutumbukizwa. Yakizidi, tuseme nyuzi 80, glukosidezi inakufa na utapata ganda jeusi zuri lisilo na harufu. Yakipungua, seli zinabaki hai, ganda linaendelea kuiva lenyewe, linapasuka na kuota ukungu.

Yakitoka kwenye maji yafungwe moto moto ndani ya blanketi la sufu, ndani ya sanduku la mbao, saa 24 hadi 48. Hapo ndipo glukosi inang'oka kwa wingi. Yakifunguliwa yawe ya hudhurungi yote. Ganda lenye mabaka ya kijani halikufa vizuri, litengwe. Baada ya hapo saa moja au mbili za jua kila siku na kufungwa tena, kisha kivulini miezi 2 hadi 3, kisha sandukuni. Kilo 5 hadi 6 za mbichi hutoa kilo 1 ya kavu, vanilini ikiwa karibu asilimia 2.

Yote haya hayafai kitu kama ganda limevunwa changa. Glukovanilini hujengeka kuelekea mwezi wa 8 na 9 baada ya uchavushaji. Anayevuna mwezi wa 6 kwa kuogopa wezi anavuna chumba kitupu. Hili linaumiza bei ya kila mkulima, Kagera na Uganda pia.

#14 Pareto_Njombe

Pareto haina mambo ya kukutanisha baada ya kuvuna. Yenyewe inakutanisha ikiwa hai, na uzuri wake uko hapo.

Molekuli ya piretrini, sumu ya wadudu iliyo kwenye ua la pareto, ina nusu mbili. Nusu ya asidi huanzia kwenye plastidi (ndugu za kloroplasti) za vinyweleo vyenye tezi vilivyo juu ya vitunda vidogo vya ua. Nusu ya alkoholi hujengwa na seli za ganda la kitunda. Asidi hutolewa na kinyweleo kuingia ndani, na kimeng'enya TcGLIP huziunganisha kwenye kitunda. Takribani asilimia 94 ya piretrini yote ya ua iko kwenye vitunda hivyo, si kwenye petali. Mbegu inapokomaa hufyonza piretrini kutoka kwenye ganda lake, na mche mchanga ambao bado hauna vinyweleo unaota ukiwa na kinga tayari.

Kwa mkulima maana yake ni hii: chuma pale safu 3 hadi 4 za nje za vijiua vya katikati zimefunguka. Ukichuma petali zikiwa ndiyo kwanza zinatanuka, vitunda havijajazwa. Ukichelewa mpaka ua linakauka shambani, unapoteza. Anika tabaka jembamba, unyevu ushuke hadi asilimia 10 hivi, dari la kukaushia lisizidi nyuzi 50 na kitu. Mwanga na hewa ndivyo maadui, kwa hiyo ua kavu lihifadhiwe zima. Likisagwa, vitunda vinapasuka na piretrini inashuka haraka zaidi ghalani.

#15 Mwana_Pemba

Karafuu iko kundi gani?

#16 Mtunza_Seli

Karafuu haitegemei kimeng'enya cha baada ya mavuno. Mafuta yake, asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa karafuu kavu, yako tayari kwenye matundu ya tezi chini ya ngozi, na sehemu kubwa ni yujenoli. Yujenoli huyeyusha tando, ndiyo maana mmea hauiachi izagae kwenye seli hai. Chuma kabla ua halijafunguka, uanike siku hiyo hiyo. Ukilundika mbichi usiku kucha zinapata joto, zinachacha, zinatoka nyeupe na mafuta yamepungua. Makonyo nayo yana tezi, ndiyo maana yanakamuliwa mafuta.

#17 Kijana_wa_Newala

Swali la mwisho wakuu. Kama njia hizi zinajulikana, kwa nini dawa za mimea zisitengenezwe zote kwenye hamira badala ya kulima?

#18 Mtunza_Seli

Zinajaribiwa, na ugumu ni vyumba hivi hivi. Chukua vinka ya Madagaska, inayotoa vinblastini ya saratani. Hatua za mwanzo zinafanyika kwenye seli zilizo karibu na mishipa ya jani, za kati kwenye ngozi ya jani, za mwisho kwenye seli nyingine za ndani. Striktosidini, zao la kati la njia hiyo, hutengenezwa ndani ya vakuoli, na kimeng'enya cha kuifungua kimo ndani ya kiini cha seli. Nusu moja ya vinblastini, katharanthini, hutolewa hadi juu ya jani, na nusu ya pili, vindolini, inabaki ndani. Hazikutani kwa urahisi, ndiyo sababu jani lina vinblastini kidogo mno. Mwaka 2022 hamira ilifanikiwa kutengeneza nusu zote mbili, kisha zikaunganishwa maabara, lakini ilihitaji hatua 30 za vimeng'enya ndani ya seli moja isiyo na mgawanyo ule wa seli tofauti.

#19 Sindika_Mihogo

Kabla uzi haujasogea: kuna aliyeniuliza faraghani namna ya kupima unga bila maabara kubwa. Kuna kipimo cha karatasi ya pikreti. Miligramu 100 za unga kwenye kichupa, karatasi yenye linamarezi na bafa ya pH 6, maji kidogo, karatasi ya njano ya pikreti ikining'inia juu bila kugusa maji, kizibo kifungwe kabisa, saa 16 hadi 24 kwenye joto la kawaida. Sianidi ikitoka karatasi inageuka kutoka njano kwenda hudhurungi, kisha unalinganisha na chati. Kikomo cha unga ni miligramu 10 kwa kilo. Unga mbichi ukiupima bila ile karatasi ya linamarezi, unaweza kupata jibu la uongo la usalama, hasa unga uliowahi kupashwa moto: linamarini imo lakini hakuna kimeng'enya cha kuifungua ndani ya kichupa. Kwa hiyo weka kichupa cha pili chenye kiasi kinachojulikana cha linamarini, cha kulinganishia, kila mara.

Karatasi hizo zinunuliwe tayari. Asidi pikriki ikikauka inalipuka, msijaribu kuitengeneza nyumbani.